Mawe Mafupi ya Mzee Sunter

Mlango wa zizi ulikataa kufungika Jumanne asubuhi, tarehe kumi na moja Novemba, mwaka 1958.

Nilikuwa nimemaliza kukamua. Niliusukuma kwa nyonga, ndoo mbili mikononi, kama nilivyofanya kila siku tangu nilipoolewa pale shambani Thorngarth, nao haukwenda. Nikaweka ndoo chini nikausukuma kwa bega. Ubao ulikwaruza jiwe la juu, ukaganda. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo, na mvua ya namna hiyo huvimbisha kila ubao, kwa hiyo hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni vumbi. Juu ya kidimbwi cha mlangoni ulikuwa unaelea unga mweupe wa chokaa, na nilipokuwa nautazama ukadondoka mwingine, kidogo tu, kama mtu anachekecha huko juu.

Nikarudi kinyumenyume mpaka katikati ya ua, nikauangalia ukuta wa ghala, maana zizi letu liko chini ya ghala. Ukuta ulikuwa umeota kitambi.

Mume wangu, Reuben Coates, alicheka nilipomwambia. "Edith, ghala hilo limesimama tangu mwaka 1731. Lilikuwa linakungoja wewe uolewe ndipo lianguke?"

"Acha utani, njoo uone."

Akaja na kikombe chake cha chai. Akautazama ukuta, akachutama akautazama tena kutoka chini kwenda juu, kisha chai yote ikamwagika kwenye matope bila yeye kujua. "Kamwite Jonas," akasema. "Mwambie asimalize kula."

Jonas Sunter alikuwa mwashi wetu, kama babake, mzee Matthias, alivyokuwa mwashi wa wazazi wetu. Alikuwa na miaka arobaini, hajaoa, anaishi na babake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa. Mrefu, ameinama kidogo, vidole vimepasuka kwa chokaa. Alisoma darasa moja na Reuben, kwa hiyo mimi aliniita shemeji, na mara mbili nilijaribu kumtafutia mchumba. "Shemeji, usihangaike," aliniambia. "Nani atanivumilia? Nikiingia nyumba ya watu naanza kutazama pembe kama zimenyooka." Hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alichokuwa nacho ni jina la babake. Toka mwanzo wa bonde la Harsdale mpaka mwisho wake, ukisema ukuta fulani ni wa Sunter, mtu haulizi tena.

Alifika kwa baiskeli, bado anatafuna. Hakuegemeza ngazi ukutani. Alichukua mti mrefu, akaning'iniza timazi, ule uzi wenye kizito, kwenye ncha yake, akauinua mpaka usawa wa paa, akafumba jicho moja.

"Umetokeza inchi tano," akasema. "Jana zilikuwa ngapi?"

"Jana hatukutazama," nikajibu.

"Ng'ombe wako ndani?"

"Kumi na mmoja."

"Na juu?"

"Nyasi kavu," Reuben akasema. "Zimejaa mpaka kwenye kenchi. Tumeanza kulisha wiki iliyopita tu."

Ng'ombe wetu walifungwa vichwa vikielekea ukuta ule ule wa upande wa bondeni. Juu ya vichwa vyao ilikuwa dari yenye nyasi za majira ya baridi yote, na boriti kuu iliyobeba dari hiyo ililaza ncha yake moja juu ya ukuta huo. Na juu ya nyasi kulikuwa na paa, nalo si la mabati. Ni vigae vya mawe, kila kimoja mzigo wa mtu mzima.

"Shemeji, nina kazi na wewe," Jonas akasema. "Ingia ndani."

Lazima niseme hapa kuta za maghala yetu zilivyo. Kila ukuta ni kuta mbili zilizosimama mgongo kwa mgongo, katikati kifusi cha mawe madogo. Kinachozizuia zisiachane ni mawe marefu ya kufunga, yanayopita unene wote kutoka nje mpaka ndani. Waashi huziacha ncha zake zichomoze nje kidogo, mstari juu ya mstari, na ukuta wetu wa bondeni ulikuwa nazo ishirini na saba. Mtu yeyote angeweza kuzihesabu akiwa barabarani.

Alinipeleka kwanza kwenye ukuta wa upande wa mlimani, ule wa kale, wa mwaka 1731. "Weka kiganja kwenye jiwe hilo," akasema, "mimi nazunguka nje." Akagonga kwa nyundo. Nilisikia mguso mkononi, wazi kabisa, kama mapigo ya moyo wa ng'ombe ukimlalia ubavuni.

"Umesikia?" akaita.

"Nimesikia!"

Kisha tukaenda upande wa pili. Nikajipenyeza kati ya vichwa viwili vya ng'ombe, nikatafuta jiwe kubwa la mstari wa chini, lililokaa sawasawa na ncha ya nje, nikabandika kiganja changu. Nikangoja.

"Umesikia?"

"Bado hujagonga."

"Nimegonga mara tatu, shemeji."

Tukaenda jiwe la pili. La tatu. La nne. Mkono wangu ulikuwa umeganda kwa baridi ya jiwe na sikusikia lolote, ila ng'ombe wakipumua na, mara moja moja, sauti ndani ya ukuta, ndogo na kavu, kama mtu anasaga meno usingizini.

Nilipotoka nilimkuta Jonas amechomeka waya mgumu kando ya ncha ya jiwe mojawapo. Aliusukuma, ukaingia urefu wa kiganja na nusu, ukazama kwenye kitu laini. Akauchomoa, akaupima kwa vidole. Akapima mara ya pili. Uso wake ulikuwa umekuwa kama chokaa ile.

"Reuben, toa ng'ombe," akasema. "Kwa mlango mkubwa wa upande wa mlimani. Taratibu, bila kelele."

"Ngoja kwanza. Tatizo ni nini? Mawe ya kufunga yamevunjika?"

Ilikuwa njia rahisi ya kukwepa, na Reuben mwenyewe alikuwa amemfungulia. Mawe huvunjika. Barafu huyapasua, hakuna wa kulaumiwa. Ukuta ule ulijengwa upya mwaka 1927, baada ya mti kuuangukia, na aliyeujenga ni Matthias Sunter. Bonde zima lilijua hivyo. Nilimwona Jonas akifungua mdomo, akaufunga.

"Hayakuvunjika," akasema. "Hayapo. Hizi ni ncha tu. Jiwe fupi nje, jiwe fupi ndani, katikati kifusi."

"Nani anaweza—" Reuben akaanza, kisha akakumbuka. Alimsogelea Jonas mpaka pua zikakaribiana. "Babako?"

"Toa ng'ombe, Reuben. Utanitukana baadaye."

Jiwe la ukubwa wa mkate likachomoka katikati ya kitambi, likaanguka uani mbele yetu. Hatukubishana tena.

Tulianza na ng'ombe wa mbali. Reuben anafungua mnyororo, mimi naongoza, Jonas amesimama mlangoni na jicho lake halitoki ukutani. Ng'ombe hawapendi kutolewa nje kwenye mvua wakati wameshakamuliwa na majani yako mbele yao. Kila mmoja aliyegoma au kupiga kwato nilimbembeleza kwa kunong'ona. Kumi walitoka. Aliyebaki ni Nancy, mwenye mimba ya miezi minane, amelala chini kabisa ya kitambi, anacheua kama malkia.

"Inuka, mama," nikamwambia. "Inuka, tafadhali."

Nancy akanitazama. Reuben akamsukuma kwa mguu, hakutikisika.

"Usimpige," Jonas akasema kwa sauti ya chini. "Akikurupuka atagonga ukuta." Akaja, akapiga magoti kwenye samadi, akamziba Nancy pua kwa kiganja. Vumbi lilikuwa linashuka juu ya kofia yake. Nancy akakosa pumzi, akatikisa kichwa, akainuka kwa miguu ya nyuma, kisha ya mbele, akatoka mwenyewe amekasirika, kama mtu aliyedhulumiwa.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe kwa Jonas ndiyo kwanza yanaanza.

"Ukuta hatuuokoi tena," akasema. "Lakini ukianguka na boriti ikaenda nao, kenchi zitaifuata, na paa lote. Hutakuwa na ghala, wala nyasi, wala pa kuwaweka hawa. Una magogo?"

Reuben alikuwa na magogo manne aliyoyakata kwa ajili ya mageti. Alitaka kuyaleta kwa trekta, Jonas akamkatalia: mtikisiko wa injini ungetosha. Tuliyabeba kwa mabega, sisi watatu, tukateleza, tukaanguka, tukainuka. Ilikuwa yapata saa nane mchana tulipofikisha la mwisho ndani.

"Sasa tokeni," Jonas akasema.

"Peke yako huwezi kusimamisha gogo," Reuben akamwambia. "Mimi nabaki."

"Wewe una mke."

"Na wewe una baba."

"Ndiyo maana naingia mimi," Jonas akasema.

Alimruhusu Reuben amsaidie kusimamisha magogo mawili chini ya boriti kuu, hatua mbili kutoka ukutani, kisha akamfukuza. Kilichobaki ni kupiga kabari kati ya gogo na boriti mpaka gogo libebe uzito. Tulisimama uani, mvua inatupiga usoni, tukisikiliza nyundo. Tok. Kimya. Tok. Alikuwa anapiga kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Nilihesabu mapigo kumi na tisa. Lile la ishirini halikuja.

Badala yake kitambi kikafunguka. Sina neno lingine. Mawe ya katikati yalitoka kwanza, bila haraka, kisha uso wote wa nje wa ukuta, urefu wa hatua kumi, ukamiminika uani mpaka miguuni kwetu. Kishindo chake nilikisikia tumboni zaidi ya masikioni. Ndani, ule ukuta wa pili ukasimama peke yake kwa muda wa pumzi moja, ukakunjika magoti, ukashuka. Kisha vumbi, na nyasi zikining'inia kutoka juu kama ndevu.

"Jonas!" Reuben alikuwa anapanda juu ya kifusi kwa mikono na miguu. "Jonas! We Jonas!"

Niliinua macho nione paa. Lilikuwa pale. Lilikuwa limeshuka kidogo, vigae kadhaa vilianguka, lakini boriti ilikuwa imekaa juu ya magogo yake mawili, na kenchi juu ya boriti.

Jonas alitokea kwenye pembe ya ghala, ametembea kutoka mlango mkubwa wa mlimani, mweupe kichwani mpaka miguuni, nyundo bado mkononi. Sikio lake moja lilikuwa linatoka damu. Reuben alimkumbatia, kisha akamsukuma kwa nguvu, kisha akakaa chini kwenye matope.

Kishindo kile kilisikika bonde zima. Watu wakaja mbio, na nyuma yao, polepole, kwa fimbo, mzee Matthias Sunter. Alikuwa na miaka sabini na saba. Nilimletea kiti, akakataa. Alimwangalia mwanawe kwanza.

"Umeumia?"

"Hapana, baba."

Mzee akayatazama mawe. Yalikuwa yametapakaa uani, na mtu yeyote aliyewahi kujenga hata uzio angeyatambua: mawe mafupi, yamechongwa vizuri upande mmoja tu, ule wa kuonekana.

"Ishirini na saba," Jonas akasema.

"Ishirini na sita," mzee akamsahihisha. "La pembeni pale chini ni zima. Litafute, utaliona. Hilo ndilo tuliloteremsha kabla farasi hajavunjika mguu."

Mzee akamgeukia Reuben, akavua kofia mvuani.

"Mawe marefu yako kwenye machimbo juu mlimani, unajua. Tuliyaburuta kwa farasi. Safari ya pili farasi akateleza, nikampiga risasi mimi mwenyewe. Kesho yake theluji ikafunga njia. Ng'ombe wa babako walikuwa wamesimama hapa uani, wanalia. Nikajiambia, nitaweka mafupi, mwezi wa tano narudi naufungua, naweka marefu. Mwezi wa tano ukafika, babako akawa anawaleta watu kuwaonyesha ukuta. Nikashindwa."

"Miaka thelathini na moja unashindwa?" Reuben akasema.

"Kila mwaka ilikuwa ngumu kuliko uliotangulia."

"Mke wangu anakaa chini ya ukuta huo asubuhi na jioni, mzee."

"Najua. Namwona nikipita barabarani."

Nilitamani asingesema hilo. Watu walitazama chini. Jonas ndiye aliyeuliza swali lililokuwa kwenye vichwa vya wote waliokuwa pale, maana nusu yao walikuwa na ghala lililopitia mikono ya Matthias.

"Na mengine, baba?"

"Mengine mazima. Ni huu tu."

"Nitajuaje?"

Mzee akavaa kofia yake. "Utajua mwenyewe," akasema, "maana mimi hutaniamini." Akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza, hata mwanawe.

Hivyo ndivyo Jonas alivyoyapitisha majira ya baridi yale. Maghala na mazizi yaliyojengwa au kutengenezwa na babake yalikuwa kumi na tatu, ukiacha letu, na aliyapitia yote, jiwe kwa jiwe, kwa nyundo. Kuna mahali walimpokea kwa chai. Kuna mahali walimfungulia mbwa. Mtu mmoja wa juu bondeni alimwambia mbele ya mkewe na watoto, "Umekuja kuona kama mtatuua sasa au mwakani?" Jonas akamjibu, "Nimekuja kuona, bwana. Naomba mtu wa kuweka mkono ndani." Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi, maana wengine walikataa. Nilikuwa namalizia kukamua, ng'ombe wetu wamebanana kwenye zizi la jirani, kisha napanda baiskeli kumfuata.

Nyumbani kwao hawakuwa wanazungumza. Aliniambia mwenyewe, tukiwa tumejikinga theluji. Anapika viazi na nyama ya nguruwe, anampakulia babake, wanakula, wanalala. "Kila jioni ananiangalia nikiingia," alisema. "Anangoja nimwambie leo nimekuta nini. Na mimi nimekuta mazima tu, shemeji. Nane, yote mazima."

"Basi mwambie."

"Nikimaliza. Nikimwambia sasa halafu la tisa likawa bovu, nitafanya nini?"

Mzee Matthias alifariki tarehe ishirini Februari, kwa mapafu, Jonas akiwa kwenye ghala la kumi. Watu kumi na wawili tu walikuja kumzika. Reuben hakwenda. Nilimlaumu, tukagombana, nikaenda peke yangu.

Ghala la kumi na tatu tulilimaliza wiki ya pili ya Aprili. Lilikuwa la wajane wawili, dada kwa dada, mwisho kabisa wa njia. Nilisimama ndani na kiganja kikiuma, nikaita "Nimesikia!" mara thelathini na moja, na mara ya mwisho hakujibu. Nilipotoka nilimkuta ameegemea ukuta, paji la uso kwenye jiwe.

Tulirudi Thorngarth pamoja. Nilimkalisha jikoni, nikamkatia mkate na jibini, hakula. Reuben aliingia kutoka kwa kondoo, akatuona tulivyo, akauliza kwa jicho tu.

"Kumi na tatu," Jonas akasema. "Yote mazima. Alisema kweli, na mimi sikumwambia."

Reuben alikuwa bado mlangoni, maji yanamdondoka. Miezi yote ile hakuwa ameruhusu jina la Matthias litajwe nyumbani kwetu. Kisha akamwambia Jonas, "Simama. Vaa koti."

Walishuka wawili mpaka kanisani, na mimi nyuma yao kwa umbali. Kaburi lilikuwa bado udongo mtupu, halijawekwa jiwe. Mvua ya barafu ilikuwa inaanguka. Walisimama pale kama watu waliosahau walichofuata, na mimi sikuwa na hakika kama Reuben ataomba dua au atatema mate. Akavua kofia.

"Mzee," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na mtu aliye upande wa pili wa uzio. "Ng'ombe wote wazima. Na kijana wako pia."

Jonas akalia hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mkono mmoja umeshika bega la Reuben. Sikuwasogelea. Baadaye Reuben akatazama angani, akasema muda wa kukamua umepita, na tukapanda kilima kurudi.

Jonas aliujenga ukuta ule kuanzia Mei mpaka Septemba. Mawe marefu aliyateremsha kwa trekta ya Reuben, na hakufunika hata moja kabla mmoja wetu hajaja kuliona limelala toka nje mpaka ndani. Wakulima wawili waliacha kumwita kabisa. Wengine walimrudia kidogo kidogo. Miaka minne baadaye alimwoa yule mdogo wa wajane wawili wa mwisho wa njia, Agnes, ambaye nilidhani siku ya ghala la kumi na tatu alikuwa anatutazama kwa hasira dirishani. Agnes alinieleza kwamba hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anajiuliza kama yule fundi amekula.